Tela la Mahindi Mabichi

Lorna Zastrow alikuwa ameegemea gurudumu la trekta, akitafuta nguvu ya kusimama tena, pale gari dogo lenye vumbi lilipoingia uani bila hodi. Lorna hakumjua kijana aliyeshuka. Alikuwa amepotea njia, akitafuta shamba la jirani, lakini macho yake yalishanasa kwenye tela lililojaa mahindi mabichi, majani na mabua yamekatwakatwa pamoja.

"Hujambo, mama? Haya mmekata lini?"

"Sasa hivi. Kwani wewe nani, mkaguzi wa matela?"

"Kou Vang. Napima chakula cha mifugo pale chama cha ushirika." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likakatika. "Mvua ya juzi ilifika huku?"

"Ilifika. Kama daktari aliyengoja mgonjwa afe."

Kwenye vilima hivyo vya Wisconsin, mwaka wa ukame hakuna anayeyalilia mahindi yaliyoshindwa kuzaa. Hukatwa mabichi, ng'ombe wakalishwa siku hiyo hiyo. Malisho yalikuwa yamekauka yakawa kama mkeka mkuukuu, na tangu asubuhi ng'ombe walilia langoni bila kunyamaza. Lorna aliwasikia hata alipofumba macho.

Kou akaomba sampuli. Lorna akamchumia majani ya juu, yale yanayong'aa, kama mtu anayemtolea mgeni kikombe kizuri.

"Hapo umenipa uso, mama. Mimi nataka miguu."

Akaenda mwenyewe ukingoni mwa shamba, akakata bua karibu na udongo, akalipasua na kulidondoshea dawa kutoka kwenye kichupa. Moyo wa bua ukageuka buluu iliyokolea, papo hapo.

"Mahindi yakikosa maji, hayakui," alisema kwa sauti ya chini. "Mvua ikija, yanafyonza mbolea haraka kuliko yanavyoweza kuitumia. Naitreti inajaa chini ya bua. Ikifika tumboni mwa ng'ombe inakuwa sumu, damu inashindwa kubeba hewa. Anahema, anahema, anaanguka."

"Hata hawa?"

"Mwenye njaa ndiye anayetangulia. Tone hili linasema ipo, halisemi ni kiasi gani. Acha nipeleke mabua maabara. Niahidi hutawapa mpaka nikupigie."

"Nimeahidi. Nenda sasa, kijana, nimechoka."

Duane, kaka yake, alipotoka shambani na mashine ya kukatia, alisikia habari hiyo akatupa kofia chini.

"Mtoto kaja na kichupa kama mganga, nawe ukaamini! Baba alilisha hivi maisha yake yote."

"Na wale ng'ombe wake waliokutwa wamekufa zizini mwaka ule wa ukame?"

"Wale walipigwa na radi."

"Radi gani, Duane? Mawingu yenyewe tuliyaona?"

Duane akainama kuokota kofia yake. Muda wa kukamua ulipokaribia, simu ikalia. Kou alikuwa na aibu sautini: mashine ya maabara imeharibika, majibu ni Jumatatu. Na tela lisilale hivyo, kwani mahindi yakipata joto hatari inazidi.

Lorna aliingiza mkono ndani ya tela. Mahindi yalishaanza kupata joto.

"Tuchanganye na hei kavu ya darini, nusu kwa nusu," Duane alisema, safari hii kwa upole. "Nani atajua?"

"Nusu ya kitu tusichokijua ni kiasi gani? Kamwage."

"Kazi yote ile?"

"Kamwage, kaka. Mbali na uzio."

Duane akaondoka na trekta, akisonya. Lorna akapanda ngazi ya dari ya banda, mguu mmoja baada ya mwingine, magoti yakimlalamikia. Huko juu kulikuwa na joto la kuoka mkate. Hei ya majira ya baridi, nyasi kavu zilizofungwa marobota, ilipangwa ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyewahi kuigusa mwezi wa Agosti. Akaketi juu ya robota kupata pumzi, akatamani kulala hapo hapo. Chini, ng'ombe walilia.

Duane aliporudi alisimama mlangoni, akatazama juu.

"Januari utawapa nini, Lorna?"

"Sijui," alisema. "Sogea, lisikuangukie."

Akalisukuma robota la kwanza kwa miguu yote miwili, kisha akageuka kuvuta la pili.