Asubuhi Inatii

Sipendi kufundishwa kazi na mtu ambaye hajawahi kushika spana. Kwa hiyo Justa aliponiambia, "Fundi Erasmo, usiipime asubuhi, subiri mchana," nilimjibu vibaya. Nilimwambia akaangalie maharage yake yasiungue.

Justa alikuwa mama lishe pale machimbo ya kokoto ya Kilangala, na alikuwa mjane wa Anthony. Anthony ndiye aliyeendesha loda ya Ahmadi mwenye machimbo, mashine kuukuu yenye magurudumu manne makubwa na ndoo mbele, mpaka Novemba ya mwaka juzi ilipokataa kona kwenye ukingo wa machimbo. Aliruka, ikampitia, kisha ikakwama kwenye mwamba. Mimi ndiye niliyeitwa siku ileile kuikagua. Niliipima kesho yake asubuhi, usukani ukaenda kushoto na kulia bila shida, nikawaambia polisi mashine ni nzima. Nikaongeza na neno ambalo hakuna aliyeniuliza: kwamba nilipoinama kumfunika marehemu nilisikia harufu ya uraka, pombe ya mabibo ya korosho.

Tangu siku ile Anthony akawa mlevi, hata mbele ya watu waliojua hajawahi kuonja. Jumuiya yake ya kanisani walikuja kuzika huku wananong'ona.

Sasa kwenye kiti kilekile alikaa Edwin, mtoto wa Anthony na Justa, mwanamume wa miaka ishirini na sita. Loda ilikuwa imelala tangu ajali ile, na siku tatu tangu irudi kazini alikuwa akilalamika usukani mzito, ndipo Ahmadi akaniita kutoka Lindi. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Nikisema nzima, saa nane Edwin anapanda ukingoni kupakia mawe, palepale alipofia baba yake.

"Shikamoo, mzee," Edwin alisema.

"Marahaba. Washa tuone."

Loda haigeuzi magurudumu kama gari. Inajikunja kiunoni, na pale kiunoni pakimbana mtu hatoki, kwa hiyo nilisimama mbali kidogo. Edwin akaipeleka kushoto mpaka mwisho, akairudisha kulia mpaka mwisho. Nilihesabu mizunguko ya usukani, nikakagua silinda zote mbili, nikapapasa mipira ya oili. Hapavuji popote.

"Nzima," nikasema. "Dereva ndiye hana mikono."

Edwin akazima injini. Justa akaja na mwiko mkononi.

"Baba yake alisema asubuhi inatii, mchana inakataa. Na wewe alikwambia, Fundi. Nilikuwepo."

Kweli aliniambia. Nilikuwa nimesahau, au nilitaka kusahau. Nikapandisha sauti: "Haya, tuungoje huo mchana wenu!" Nilisema kwa hasira tu, si kwa busara.

Edwin akafanya kazi chini, kwenye uwanja wa tambarare, akisukuma kokoto. Mimi nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Ulikuwa msimu wa korosho, na shamba la mikorosho limepakana na machimbo. Mabibo yalikuwa yameanguka na kuoza chini ya miti. Jua lilipopanda, ile harufu kali ikaanza kuja, kidogo kidogo, mpaka ikajaa shimo zima. Nikanusa mkono wangu. Nikanusa shati langu. Nilikuwa nanuka uraka, na mimi sijagusa pombe tangu Kwaresima.

Nilitamani kuondoka. Ningeweza kudai nimeugua, nikapanda bodaboda nikarudi Lindi.

Saa saba na nusu Edwin alimwaga ndoo ya mwisho, akapunguza moto wa injini, akakata kona kurudi. Niliona mikono yake ikizungusha usukani, mara moja, mara mbili, mara tano, na loda ikaja moja kwa moja bila kujikunja. Ilikuwa inaelekea kibanda cha Justa. Alikuwa amechuchumaa anachochea kuni, ametupa mgongo.

"Justa!"

Edwin akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Ndoo ikasimama juu ya sufuria. Justa akageuka. Aliondoa sufuria motoni, akaiweka pembeni, halafu akanitazama.

Nilifunga pini ya kiunoni ili mashine isijikunje, nikashusha ndoo, nikafunga geji ya presha kwenye pampu ya usukani, nikamwambia Edwin awashe. Tangi la oili lilikuwa la moto, huwezi kuweka kiganja. Mshale ulipanda kidogo, ukalegea, ukalala. Pampu ilikuwa imekwisha. Oili ikiwa baridi ni nzito, pampu mbovu inajitahidi kuisukuma. Ikipata moto inakuwa maji, inapita pembeni.

Lakini pampu haiishi hivihivi. Nikazima, nikafungua valvu inayopunguza presha ikizidi, nikatoa springi. Nyuma yake kulikuwa na sarafu ya shilingi hamsini, pembe zake zimepigwa tupa mpaka ikawa duara. Kifaru aliyechorwa juu yake bado alionekana.

Tupa ile ilikuwa yangu.

Ahmadi alikuwa amefika. "Kitu gani hicho?"

"Niliiweka mimi," nikasema. "Miezi minane kabla Anthony hajafa. Pampu ilikuwa imeanza kuchoka. Ilitakiwa ibadilishwe, mimi nikabana springi ili presha ipande. Usukani ukawa mwepesi, na pampu ikawa inajiua siku hadi siku. Anthony hakulewa. Harufu ile ni ya mabibo. Kila mtu hapa ananuka hivyo."

Edwin aliteremka taratibu, akasimama karibu yangu mno.

Ahmadi alitazama barabarani. "Malori mawili yananisubiri. Irudishe tu hiyo sarafu tumalize leo, hayo mengine tutazungumza."

Nilipogeuka, sarafu haikuwepo juu ya madigadi ya tairi nilipoiweka. Ilikuwa mkononi mwa Justa. Aliifuta oili kwa kanga yake, akaigeuza huku na huku.

"Ulipomwekea hii, alikushukuru?"

"Alinishukuru sana," nikasema.

"Na sarafu ilikuwa ya nani?"

Nilitamani asingeniuliza hilo. Siku ile sikuwa na chenji, nikamwomba Anthony. Akajipapasa mifuko akicheka, akasema hiyo ndiyo iliyobaki, alikuwa anampelekea mkewe akanunulie chumvi.

"Ilikuwa yako," nikamwambia.

Justa akafumba kiganja. Akaenda akakaa chini, mbele ya tairi la loda, akanyoosha miguu.