Mwaka wa Profesa

Mwanaume wa kumdanganya yule bibi fundi cherehani alikuwa hajazaliwa. Mwenyewe ndivyo alivyowatangazia wateja, akinyoosha pindo. Kisha angewakumbuka waume zake wawili, aseme, "Haya, hajazaliwa wa tatu."

Wa tatu alishazaliwa zamani. Alikuwa mjukuu wake, na muda huo alikuwa amejilaza kwenye kochi, hatua tatu kutoka kwenye cherehani, simu kifuani. Nyumbani walimwita Profesa. Shahada ya miaka mitatu alikuwa akiisoma mwaka wa nne, na wenzake walishapiga picha na majoho hadi picha zimeanza kupauka.

"Sijafeli, bibi. Nimeongezewa mwaka."

"Wenzako wanaongezewa mshahara, wewe unaongezewa mwaka. Hongera, baba. Kapumzike, umechoka."

Na kweli akaenda kupumzika.

Ili ahitimu, kilibaki kitu kimoja tu: andiko la utafiti. Awahoji mafundi cherehani arobaini kuhusu kazi yao, aandike walichosema. Bibi alikaa mkao wa kuulizwa wa kwanza. Majibu ya maisha mazima yalikuwa yamemjaa kooni. Mwezi ukapita, na wa pili. Profesa hakumuuliza hata uzi unapitia wapi. Mara andiko likapelekwa chuoni, limejalidiwa, nene kama tofali. Bibi aliviangalia viatu vya mjukuu wake: soli haijaonja vumbi.

"Hao mafundi arobaini walikufuata kwenye kochi?"

Profesa akageukia ukutani.

Jumatatu asubuhi mhadhiri wake alipiga hodi, mwanamke mwembamba, andiko kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza hizo nguo ukae."

"Nimekuja kuhakiki kazi ya mjukuu wako. Ina mambo yananitia shaka. Ikikataliwa mara hii, chuo kinamfuta. Hakuna mwaka mwingine." Akafunua jalada. "Na wewe ni fundi. Alikuhoji?"

Nyuma ya mgeni, Profesa alikuwa ameketi wima kwa mara ya kwanza mwaka ule, jasho linamtiririka, macho yamemtoka kama mbuzi aliyeona kisu. Zezeta, bibi aliwaza. Mvivu, mwongo, na hata uongo wenyewe hajui kuushona. Ningekuwa mimi, ningemfuta tangu wiki ya kwanza. Lakini mama yake Profesa, binti yake bibi, alishapigilia msumari sebuleni wa kutundikia picha ya mahafali, na kila asubuhi aliufuta vumbi.

"Alinihoji," bibi akasema. "Tena mara mbili. Alinichosha kwa maswali."

"Vizuri. Hakuandika majina, ameweka namba tu. Wewe ni namba ngapi?"

Bibi hakusita. Kusita ni kwa waongo wachanga.

"Kumi na moja."

Mhadhiri akalamba kidole, akafunua kurasa, akasoma kimya. Halafu akasoma kwa sauti.

"Namba kumi na moja. Mwanaume, miaka thelathini na mbili. Aliingia kwenye ushonaji baada ya kuvunjika goti mpirani. Mke wake anatarajia mtoto wa kwanza."

Profesa akajifunika uso kwa mto wa kochi.

Mhadhiri akafunga andiko taratibu, akamtazama bibi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili.

"Na mkeo, bibi? Alijifungua salama?"