Usiku wa Ijumaa Uko Wapi?

Ukumbi wa Parklands niliukodi mimi, kwa simu, na maneno niliyosema nayakumbuka vizuri: usiku wa Ijumaa, baada ya Magharibi. Wamucii, karani wa ukumbi, akaniuliza, "Usiku wa Ijumaa, Mama?" Nikamwambia ndiyo. Nilidhani tumeelewana.

Kumbe wapi! Tulishuka magarini na masufuria ya biriani tukamkuta bwana mmoja wa mtaa wa Waithaka, Mungai, akining'iniza maputo ya sherehe ya bintiye aliyehitimu chuo. Bibi harusi wetu, Laila, yumo garini na hina yake mikononi. Babake, kaka yangu Mohdhar, yumo gari la pili, hawezi kusimama. Alfajiri ilikuwa apande ndege kwenda India kufanyiwa upasuaji wa moyo, naye alikuwa ameapa haondoki kabla ya kumwoza mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Wamucii akanigeuzia kompyuta. "Mama, system inasema nyinyi ni kesho. Friday, saa moja jioni."

"Kesho ni usiku wa Jumamosi!"

"Kesho ni Friday."

"Mchana wake, ndiyo. Usiku wake ndio huu."

"Huu ni wa Thursday, Mama."

"Alhamisi si imekwisha jua lilipotua?"

Akaikodolea macho kompyuta, maskini. "Hapa siku inaisha saa sita usiku. Nikiweka Friday, inanipea jioni ya Friday. Hakuna ingine."

Nilichemka. Nani aliyeiambia mashine hiyo kwamba usiku hufuata mchana? Kwetu usiku hutangulia, hivyo ndivyo nilivyozaliwa nikakuta, wala sijawahi kumweleza mtu. Hapo nikachanganyikiwa zaidi: kama sijawahi kueleza, huyu binti wa watu angejuaje? Hasira ikakosa pa kwenda.

"Kwani leo ni siku gani?" Mungai akauliza, puto mkononi, na wallahi hakuwa akinidhihaki. Sikujua nimjibu kwa kalenda ya nani. "Pole sana, Mama," akasema. "Ningewaachia, lakini wageni wangu ndio hao wanaingia."

Nikaenda kwenye gari la kaka yangu nikilia kwa aibu. Nikamweleza yote, kompyuta, Friday, maputo, maneno yakigongana mdomoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso umesawijika.

"Mabruka, huu usiku wa nini?"

"Wa Ijumaa, kaka."

"Basi tunangoja nini?"

Bwana harusi, Aqil, akaitwa mbio kutoka langoni. Sheikh akasimama baina ya magari, mashahidi wakamzunguka. Mohdhar akatoa mkono dirishani, Aqil akaushika, na kaka yangu akamwoza bintiye kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Dua ikasomwa, ikaisha. Kaka hakuuachia mkono wa Aqil. Aqil akabaki ameinama dirishani, mgongo umempinda, hathubutu kujinyoosha, na hakuna kati yetu aliyemwambia kaka inatosha.