Kisu Kisichopita Motoni

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Uongo. Kilichomla Kemilembe kilikuwa nguoni mwa mwenzake: koti jeupe la watafiti, ambalo Vero, mke wa kaka yake, alilivaa hata kwenda kuteka maji.

Mnyauko, ugonjwa wa migomba, ulikuwa umemaliza nusu ya kibanja, shamba la migomba la mama pale Nyakakika. Kemilembe, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, ndiye aliyeng'oa migomba iliyooza, akikipitisha kisu motoni kila alipohama shina, ugonjwa usihame naye. Lakini watafiti walipopanda humo migomba yao mipya ya majaribio na kutafuta mtunzaji, mama alisema, "Mpeni mkamwana. Binti ni mpita njia."

"Wifi, nawa kabla hujagusa uzio," Vero alimwambia siku moja. "Hii imetiwa jeni ya bakteria. Inatengeneza protini, mgomba unaionja, unamjua adui kabla hajabisha hodi."

"Na wewe wamekutia jeni gani? Ya maringo?"

"Ya kupendwa na mama mkwe."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile hakikumtoka Kemilembe masikioni.

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alikata mgomba mgonjwa. Kisu kikalowa ute wa njano. Safari hii hakukipeleka motoni. Aliingia ndani ya uzio akachanja kila shina: mipya, na ile michache ya kienyeji iliyopandwa kando kwa kulinganisha. Ikifa yote, koti litavuliwa.

Wiki chache baadaye ya kienyeji ilinyauka, majani yakaning'inia kama matambara. Mipya ikasimama kijani kibichi, makovu yamekauka, kama inamcheka.

Winston, mtafiti, alipokuja aliyapapasa makovu yale kwa vidole. "Nani ameipa ugonjwa? Sisi tulipanga kuijaribu msimu ujao."

"Mimi," alisema Kemilembe.

Vero aliangua kilio. Mama akamgeukia binti yake. "Na ingekufa, sisi tungekula nini? Mwombe wifi yako radhi!"

Winston alikuwa bado ameduwaa mbele ya migomba. "Kumbe inahimili," alinong'ona, akampa Vero mkono wa pongezi. Vero! Hata uovu wake Kemilembe ulikuwa umevuna sifa za mwingine.

Alikifuta kisu kwenye kanga yake.

"Koti mmempa yeye, jaribio nimefanya mimi. Radhi siombi, mama. Si leo, si kesho."