Nusu Kikombe kwa Siku

Mimi sina subira na watu wanaoua mimea kwa maji. Pale kitaluni wananiita Mama Miche, na wateja wananijua: ukija kunilalamikia kwamba ua lako la karatasi, ile bogenvilia, limekufa, swali langu la kwanza ni, "Ulikuwa unalimwagilia mara ngapi?" Ukisema kila siku, utanitambua. Mmea ule una majani mwaka mzima, una miiba ya kujilinda, na ukame hauubabaishi. Uupe jua kali, udongo wa hovyohovyo, halafu uuache na kiu yake. Ukishiba maji unaota majani tu. Ukiona kiu ndipo unachanua.

Sasa sikia yaliyonikuta nyumbani kwangu mwenyewe.

Ua la karatasi la Mama lilikuwa getini, kwenye nyumba ya kupanga aliyoishi na Baba miaka ishirini na sita. Rangi yake ilikuwa ya chungwa lililoiva kupita kiasi, na sijaiona kwingine, mimi ambaye miche ndiyo kazi yangu. Mama akafariki. Miezi miwili haijaisha, mwenye nyumba akataka geti lipanuliwe. Mafundi waliling'oa asubuhi, mimi nikafika saa nane mchana, nikakuta matawi yamelundikwa juani. Niligomba mpaka sauti ikanikauka. Kwani kugomba kunaotesha mti?

Nikachambua lundo, nikapata vipande sita ambavyo bado vilikuwa kijani chini ya ganda. Unene wa penseli, urefu wa shubiri moja. Nikavikata mshazari chini ya kifundo, nikavichomeka kwenye makopo ya rangi niliyoyatoboa matundu: mchanga mafungu mawili, udongo fungu moja. Nikayapanga kivulini barazani kwangu. Baba alikuwa ameshahamia kwangu, na kutwa alishinda hapo hapo kwenye kiti.

"Baba, haya makopo usiyaguse. Maji nitatia mimi, nikichomeka kidole kikatoka kikavu. Yakizidi vinaoza, na vingine hatuna."

"Nimesikia, mwanangu."

Na Baba akisema amesikia, amesikia. Alikuwa mtunza stoo miaka thelathini. Hata bosi wake hakutoka na msumari bila kusaini. Ndiyo maana maji ya Mama tulimkabidhi yeye. Figo zilipogoma, daktari alisema nusu kikombe kwa siku, basi. Baba akachora mstari kwa kalamu kwenye kikombe cha bati, jagi akalifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Mama alimbembeleza. Akamtukana. Mwishoni akawa ananyoosha mkono tu, hasemi. Mimi nilikuwa nasingizia napigiwa simu, natoka nje. Baba alibaki mle ndani, na hakuzidisha hata tone.

Wiki ya pili kipande cha kwanza kikawa cheusi chini. Kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu. Mvua haijanyesha! Nikamsakama mume wangu, maskini ya Mungu, akaapa kwa kila kitu. Nikaficha kopo la kumwagilia uvunguni. Cha nne kikaoza kopo likiwa uvunguni vilevile.

Jumatatu nilisahau miwani, nikarudi kutoka njiani. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya makopo, ameshika kile kikombe cha bati, mstari wake bado upo. Kimejaa pomoni. Alikuwa anamimina polepole.

"Kunywa," alisema. "Kunywa tu, hakuna wa kukuzuia."

"Baba! Nilikuambia nini?" Hasira zilinipanda, nikasahau naongea na nani. "Kumbe ni wewe unayeviua!"

Hakugeuka. "Nilikusikia, mwanangu. Kila siku najiambia leo sitii maji. Halafu naona mchanga umekauka."

"Haviteseki, Baba. Ndivyo vinavyotakiwa viwe."

"Hata daktari alisema hivyo hivyo." Akakung'uta tone la mwisho. "Nilimnyima mama yako, na bado akafa. Huyu siwezi."

Nikavuta kipande cha tano. Kilikuja bila ubishi, kimeoza, kinanuka. Kilibaki kimoja, na hicho kilikuwa kimeshachipua vijani viwili, vidogo kama kucha. Nikakumbatia kopo lile.

"Hiki nakipeleka kitaluni, Baba. Nitakutunzia. Kikichanua nitakurudishia, naapa."

Hakubisha. Alinyoosha mkono tu.

Nilisimama na kopo, nikiutazama ule mkono. Maji yalikuwa bado yanachuruzika matunduni, yananilowesha gauni. Wiki moja mikononi mwangu na kingepona. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Nikaliweka kopo chini, mbele yake.

"Napigiwa simu, Baba," nikasema, nikatoka nje.