Nafasi ya Mkono Mzima

Goretti alikuwa ameeleza mpaka koo likamkauka. Alieleza kanisani Handsworth, huku ughaibuni, akaeleza kwenye simu, akatikisa hata sinia la vikombe mbele ya wazee: zahanati ya uzazi wanayoijenga kwao Bukavu haitashikana na ardhi. Itakaa juu ya mito minene ya mpira, ile ile anayoipima kila siku kiwandani Saltley, pamoja na mitungi ya mafuta inayojikaza na kulegea yenyewe kufuatana na mtikisiko. Tetemeko likija, ardhi itakwenda huku na huku, jengo litayumba taratibu. Ndiyo maana pande zote, kati ya kuta na ardhi, iliachwa nafasi ya mkono mzima. Bila nafasi hiyo, mpira wote ule ni kazi bure.

Leo, saa ya chakula, Mchungaji Athanase alimpigia kwa video kutoka Bukavu huku akichekelea, akaizungusha simu amwonyeshe jengo lililokamilika. Goretti aliitafuta ile nafasi. Ilikuwa imejaa mawe na saruji, imesawazishwa, imepakwa chokaa.

"Papa pasta, nani aliziba?"

"Banamama ba kanisa! Shimo ya kuzunguka nyumba, si watoto bataanguka ndani? Na wageni ba kesho, ba kufungua nyumba, batasema nini? C'est la honte!"

Damu ilimchemka. Aibu! Wanawake walale mle na vichanga vyao, kuta zimebanwa na ardhi, zikingoja kupasuka, eti kwa sababu ya aibu ya wageni.

"Ibomoeni. Leo hii."

"Kazi ya banamama? Mimi siwezi. Ubaambie wewe mwenyewe."

Akampa simu mwanamke aliyesimama karibu. Alikuwa mama yake Goretti, amevaa kitenge kipya, viganja vimechubuka.

"Goretti, umeona? Majiwe yote ya upande wa mlango, ni mimi nilibeba. Nilisema, hii ni nyumba ya mutoto yangu, siwezi kaa tu."

Goretti aliviangalia vile viganja. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ila sasa hakuwa na wa kumrushia. Wafanyakazi wenzake walikuwa wanarudi kazini, na mama yake alikuwa anangoja kusifiwa.

"Aksanti, mama," alisema. "Sasa tafuta sururu. Anza kubomoa ya mlangoni, wenzako bakuone, bafuate."