Lango la Busu

Imogen alipanda kwenye jiwe la kupandia farasi nje ya baa, akapiga makofi, na watu wote wa matembezi wakanyamaza. Hester Pask hakuwahi kunyamaziwa hivyo. Tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi, yeye ndiye aliyeongoza matembezi haya ya Mei, akiwaonyesha wageni mambo ya kale ya kijiji chao, Ashcombe Pells. Mwaka huu kamati ya kijiji ilimwomba apumzishe magoti, ikampa Imogen kazi hiyo. Magoti yake hayakuwa na shida yoyote.

Aliwafuata nyuma, akisubiri mgeni huyo wa juzi akosee. Hakukosea. Penye pampu ya maji, penye zizi la mawe walimofungiwa ng'ombe waliopotea, Imogen alisema sawasawa, tena kwa mzaha. Na aliyecheka kuliko wote, aliyembebea koti, alikuwa Wilf, mume wa Hester.

Njia panda wakalifikia jiwe la maili. Imogen akaeleza lilivyofukiwa wakati wa vita ili Wajerumani wakija wasijue njia, na jinsi aliyelifukua baadaye alivyolisimamisha likitazama upande usio wake. Mtu huyo alilisimamisha huku akilia. Mdogo wake, aliyelifukia pamoja naye, hakurudi kutoka vitani.

Watu wakavua kofia. Mtu huyo alikuwa baba yake Hester, na habari ya machozi yale Hester alimwambia mtu mmoja tu duniani, chini ya blanketi moja.

Uzio wa kanisa una lango la kupita mmoja mmoja. Aliyetangulia hulishika mpaka anayemfuata amlipe busu. Kila mwaka Wilf hutangulia, Hester hulipa. Leo Imogen ndiye aliyetangulia, akaieleza desturi hiyo huku akicheka. Wilf akasimama kando, akawapisha wote. Kisha akapita, akalishika lango, Hester akiwa amebaki peke yake upande wa pili.

"Ulimwambia lini?" Hester akauliza.

"Aliniuliza habari za jiwe, nikajikuta nasema. Wewe huniulizi kitu siku hizi, Hettie. Unanihutubia tu."

"Kumbe kosa langu."

"Sijasema hivyo. Pita basi, chai inapoa. Ada ni ileile, haijapanda."

"Na huo mkono umebeba nini?"

Wilf akalitazama koti la Imogen kana kwamba amebebeshwa usingizini. Akalitundika kwenye nguzo, akarudisha mkono langoni.

Hester aligusa komeo, asisukume lango. Katika ukumbi wa kanisa, wenzao walikotangulia kunywa chai, vikombe vilikuwa vikigongana, na sauti ya Imogen ikiuliza Wilf yuko wapi.